Kutafuta Shule Mbeya na Iringa

Mbeya, mji ulioasisiwa katika miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa iliyokuwa ikiwavuta wachimbaji upande wa Chunya, na ambao tangu mwaka 2005 una hadhi ya jiji, umeketi chini ya mlima Loleza kwa namna ambayo mtu wa Tanga kama mimi, aliyezoea kuiona nchi ikiishia baharini, hana budi kusimama na kuinua uso kabla hajauliza njia. Nilifika mwezi wa Juni, wakati ambapo baridi ya Nyanda za Juu Kusini huwafanya watu wazima watoke asubuhi wamejitanda makoti mazito, na watoto wa shule wavute mikono ya sweta mpaka ifunike vidole. Lakini kilichonishughulisha kuliko mlima na kuliko baridi ni mabango. Kuanzia Uyole, ambako barabara ya Malawi huachana na ile ya Dar es Salaam, mpaka Mafiati na Mwanjelwa, hakuna nguzo ya umeme wala ukuta wa duka usiokuwa na tangazo la masomo: hapa kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza, pale kurudia mitihani ya kidato cha nne, mbele yake kidato cha tano na sita kwa mwaka mmoja, na kila tangazo lina namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la shule yenyewe. Nilijiambia moyoni kwamba mji unaouza elimu kwa wingi namna hii lazima uwe na watu wengi walioikosa.

Nilikuwa nimekuja kwa wito wa dada yangu, aliyeolewa Mbeya zamani na fundi wa malori mwenye karakana kando ya barabara kuu. Binti yao alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata, akapata daraja la nne, mwenye C mbili, ya Kiswahili na ya Historia, na katika masomo yaliyobaki D na F. Sasa kanuni ya nchi yetu ni kwamba asiyekuwa na alama za C au zaidi katika masomo matatu hana njia ya kuingia kidato cha tano, wala hawezi kuufanya mtihani wa kidato cha sita hata kwa kujitegemea. Basi mtoto huyu alikuwa amesimamishwa mlangoni kwa somo moja tu, ilhali azma yake, aliyoishika tangu utotoni, ni kusoma chuo kikuu.

Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi. Aliponikaribisha chai alisema, "Shemeji, wewe umemaliza umri wako shuleni. Mimi nikisikiliza injini ninajua inaumwa wapi, lakini hawa wenye mabango wote wanasema vizuri, na wote wanataka ada kwanza. Mtazamie mtoto." Na kweli nimefundisha muda mrefu kabla ya kustaafu, na katika muda huo niliamini, kama walimu wengi wa shule za serikali walivyoamini, kwamba vituo hivi vya mitaani ni soko la ulaghai, hata nilikuwa sina haja ya kuvitazama. Safari hii imenifundisha kwamba ulaghai upo, ila upo pamoja na kazi adhimu ambayo hakuna mwingine anayeifanya.

Cha kwanza tulichokwenda kukiona hakina haja ya maelezo marefu: ghorofa mpya, meza inayong'aa, kijana aliyevaa tai, na ahadi ya kwamba mwanafunzi atafaulu "kwa uhakika". Nilipoomba kuoneshwa namba ya kituo cha mtihani, nikaambiwa italetwa baadaye. Mama mmoja tuliyekutana naye ngazini alitusimulia kwamba mwanawe alilipiwa ada ya mwaka mzima mahali pengine mjini humo, na ulipofika wakati wa mtihani likaonekana jina lake halikusajiliwa kamwe. Sitakitaja kituo hicho. Tulishuka ngazi, binti akiwa kimya, tukavuka barabara kuelekea sokoni Mwanjelwa.

Huko, nyuma ya safu ya fremu za maduka, juu ya duka la vifaa vya ujenzi na karibu na mafundi wa kuchomelea mageti, kuna vyumba vitatu vinavyoitwa na wenyeji "senta ya mwalimu", bila ya jina lingine, ijapokuwa lipo jina rasmi lililopigwa rangi kwenye bati. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Hisabati, mzee mwembamba wa sauti ya chini, aliyefundisha katika shule za serikali za mkoa huo mpaka alipofikia umri wa kustaafu, kisha akatumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua madawati. Cheti cha usajili wa kituo, chenye namba inayoanza kwa herufi P kama zilivyo namba zote za vituo vya watahiniwa wa kujitegemea, kimetundikwa ukutani mahali ambapo mtu haingii bila ya kukiona.

"Shikamoo mwalimu," binti alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Matokeo yako unayo?"

Alimpa karatasi. Yule mzee aliisoma polepole, kama tabibu asomaye majibu ya maabara, asikunje uso wala asicheke.

"Hisabati una F. Nani alikuwa akikufundisha?"

"Kidato cha kwanza tulikuwa na mwalimu, akahamishwa. Kidato cha tatu hatukuwa na mwalimu wa Hisabati kabisa. Kidato cha nne alikuja wa kujitolea."

"Kwa hiyo hili halijakushinda. Hujalisoma bado. Na Kiingereza?"

"Ninaelewa nikisoma, lakini kuandika siwezi."

"Basi tutaanza na kusoma kwa sauti, halafu kuandika barua. Jumatatu uje na daftari la mistari na la mraba."

Nilimwomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa, naye akaniruhusu kwa ukarimu, na nikarudi tena na tena katika juma lile. Niliyoyaona nayaeleza kwa urefu kwa sababu wasomaji wengi, hususan wenye watoto waliofaulu, hawajapata kuingia mahali kama pale.

Darasa la asubuhi huwa na wale wanaorudia kidato cha nne, na la jioni huwa na wa kidato cha sita, ambao aghalabu ni watu wenye kazi: dereva wa bodaboda anayeegesha pikipiki yake chini ya ngazi akasoma mpaka saa mbili usiku, mwanamke auzaye maparachichi na ndizi kutoka Rungwe, askari mgambo, kijana aliyekuwa msaidizi katika basi za masafa marefu. Walikuwapo wasichana watatu wenye watoto wachanga, na mmoja wao humleta wake, akamlaza juu ya kanga kando ya dawati, na darasa zima limezoea. Mpaka ilipofika Novemba mwaka 2021, ambapo Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, wakiwamo waliopata mimba, waruhusiwe kurejea katika shule za kawaida, msichana wa namna hii hakuwa na mlango katika shule ya serikali. Waliompokea ni vituo vya namna hii na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu aliniambia kwamba hata baada ya tangazo lile wengi wao huona haya kurudi kuvaa sare na kukaa na wadogo zao, na kwamba yeye hajawahi kumwuliza hata mmoja habari za baba wa mtoto.

Ufundishaji wake hauna uzuri wa nje. Hana mashine wala picha. Ana ubao, chaki, na mafungu ya mitihani iliyopita iliyonakiliwa mpaka maandishi yamefifia. Lakini ana jambo ambalo nimeliona kwa walimu wachache mno: hajali darasa liko kidato gani, bali anashuka mpaka pale ambapo mtoto aliachwa. Nilimwona akiwafundisha sehemu za hesabu, nusu na robo na theluthi, watu wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, bighairi ya kuwatia aibu, akatumia juma zima katika jambo ambalo huanza kufundishwa katika shule ya msingi. Kila Jumamosi kuna jaribio. Alama hazisomwi hadharani. Kila mtu huitwa mezani, akaoneshwa mahali alipokosea, akakaa akarudia swali lile lile papo hapo. Ada hulipwa kwa mwezi, na wapo wanaolipa kidogokidogo kila wiki, kwa kuwa biashara ya maparachichi haingoji mwisho wa mwezi. Kijana mmoja wa jioni aliniambia kwamba alikuwa ameshaufanya mtihani wa kidato cha sita akakosa, akaenda mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kule Mafinga, akarudi, na sasa anautaka tena, naye alisema hayo pasipo huzuni, kama mtu anayetaja vituo vya njia anayoijua.

Pale ndipo nilipofahamu hesabu wanayoihesabu watu hawa usiku na mchana. Ili mtu apokewe chuo kikuu kwa cheti cha kidato cha sita, hana budi kuwa na ufaulu kamili katika masomo mawili, na jumla ya pointi zake katika hayo mawili isipungue 4, ambapo A ni pointi 5 na D ni pointi 2. Maana yake ni kwamba D mbili zinamfikisha mtu mlangoni, na D moja na E moja zinamwacha nje. Baina ya D na E kuna alama chache tu za karatasi, na juu ya alama hizo chache zimejengwa senta zote za Mwanjelwa, za Soweto na za Kabwe, na karo zote wanazolipa kina mama wa sokoni.

Kasoro kubwa ya mahali pale ni dhahiri shahiri, na mwenyewe hakuificha. Tahasusi zinazofundishwa kwa kidato cha sita ni za sanaa na za biashara tu. Fizikia, Kemia na Biolojia zina karatasi ya vitendo, na karatasi ya vitendo inataka maabara, na maabara haipandi ngazi za fremu. Basi mtoto wa maskini aliyeteleza mara moja katika sayansi, hata akiwa na akili ya kuwa tabibu au mhandisi, analazimika kugeuzwa kuwa msomaji wa Historia, Jiografia na Kiswahili, si kwa hiari yake wala kwa kipaji chake, bali kwa kukosa bomba la gesi na beseni la kunawia. Haya yanatendeka katika jiji ambalo lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichotokana na chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1986, na ambalo vijana wake wanakitazama chuo hicho kila siku wakiwa ndani ya daladala.

Haitakuwa haki kuzungumzia maandalizi ya chuo kikuu Mbeya na kuacha kutaja upande wa pili. Katika jiji hilohilo iko shule ya wasichana ya Kikatoliki ya St. Francis, ambayo jina lake linafahamika kila mahali Tanzania ambapo matokeo ya kidato cha nne husomwa. Katika mtihani wa mwaka 2012 ilishika nafasi ya kwanza katika nchi nzima, ikaishika tena mwaka 2013, na tena mwaka 2017 na 2018. Na msomaji akumbuke mwaka 2012 ulikuwa mwaka gani: ndio mwaka ambao, matokeo yalipotangazwa Februari 2013, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata daraja sifuri, nchi ikaingia katika fadhaa, Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Siku ile ile, katika mji ule ule, wako wazazi waliopokea pongezi za taifa na wako waliopokea sifuri, na waliopokea sifuri ndio waliojaza madarasa ya juu ya fremu.

Sisemi haya kwa husuda. Masista na walimu wa shule ile wamefanya kazi inayostahiki taadhima, na binti wa Mbeya aliyesoma pale hana la kuombea radhi. Ila mimi naona kwamba shule inayowachagua watoto kwa usaili, ikawalaza bwenini, ikawalisha na kuwapa walimu wa kila somo, haiwezi kupimwa kwa mizani moja na mahali panapompokea aliyeanguka, mwenye mtoto mgongoni, mwenye F ya Hisabati kwa sababu hakuwa na mwalimu wa Hisabati. Baraza la Mitihani lilipoacha, Januari 2023, kutangaza orodha ya shule kumi bora, wapo walionung'unika. Mimi niliona ni uamuzi wa busara. Orodha ile ilituambia ni shule gani ilipokea watoto hodari. Haikutuambia hata siku moja ni mwalimu gani aliyemchukua mtoto kutoka mbali zaidi.

Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, aliikosoa shule iliyogeuka kuwa maandalizi ya shule inayofuata, ambamo wachache wanapanda na walio wengi wanahesabiwa kuwa walioshindwa. Niliusoma waraka ule nikiwa kijana, nikaukubali wote, na bado naukubali. Lakini nikiwa nimeketi nyuma ya darasa la Mwanjelwa nilijiuliza, je, yule muuza maparachichi tumwambie nini? Tumwambie kwamba chuo kikuu si kitu, ilhali wanaoyasema hayo wote wamekwenda? Serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ili nafasi zigawanywe kwa haki, na ilikuwa na sababu. Hata hivyo nafasi zilibaki chache, na wenyeji wa nyanda hizi, wenye kahawa na chai na viazi, walijenga shule zao kwa michango, hata kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hesabu ya sekondari zisizo za serikali nchini ilikuwa imezidi ya zile za serikali. Kiu haikutoka kwa wafanyabiashara. Ilikuwapo kwanza, na wafanyabiashara wakaja baada yake.

Kutoka Mbeya tulikwenda Iringa, mimi na binti, kwa kuwa mdogo wake shemeji anakaa Kihesa na alikuwa amesifia shule moja huko. Njia ni ya kilomita 330 hivi, na basi liliondoka alfajiri. Tuliteremka kwenye tambarare za Usangu zenye mpunga, tukapita Igurusi na Chimala, ambapo mkono wa kulia huonekana barabara ya kona 57 ikiuparamia ukuta wa mlima kuelekea Matamba na Kitulo. Binti alizihesabu kona alizoweza kuziona mpaka basi likapita. Makambako ilitupokea kwa upepo na wauza mahindi ya kuchoma. Baada ya hapo ikaanza misitu ya misonobari ya Sao Hill, safu baada ya safu, na Mafinga, na hewa yenye harufu ya mbao mbichi. Kando ya njia hiyo, ndani ya wilaya ya Mufindi, iko Malangali, shule iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya Mwingereza Mumford, aliyetaka watoto wafundishwe pamoja na mila na michezo ya kwao. Na katika wilaya hiyohiyo wazazi wa miaka ya 1980 walianzisha mfuko wao wa elimu. Natamani ningepata wasaa wa kuteremka, lakini basi lilikuwa na haraka zake.

Iringa iko juu ya kilima, na gari likitoka Ipogolo kwenye mto Ruaha Mdogo hupanda kona za mwamba mpaka mjini. Ni mji wa historia nzito: si mbali na hapo, Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani la Zelewski, na huko Kalenga, Juni 1954, Gavana Twining alilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Jina la Mkwawa sasa limekaa juu ya chuo cha walimu. Pale palipojengwa, katika miaka ya mwisho ya 1950, shule ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na ambapo baada ya uhuru pakawa Mkwawa High School, tangu mwaka 2005 pako Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipotembea katika viwanja vyake, nikaona upana wa majengo, na bustani, na nafasi iliyoachwa baina ya jengo na jengo, nilifahamu kwamba wajenzi wa zamani walijua vizuri mtoto anahitaji nini ili asome. Walichokosea ni kuhesabu ni watoto gani.

Shule tuliyoijia iko Kihesa. Ni ndogo, ya binafsi, ya kidato cha tano na sita tu, katika nyumba iliyokuwa ya kuishi, yenye uzio wa michongoma na mti wa mparachichi uani. "Kamwene," mkuu wa shule alitusalimu, mama wa makamo aliyevaa sweta la kufuma, akatuongoza moja kwa moja si ofisini bali nje tena, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na darasa halikuwapo. Tulifuatana naye mwendo mfupi mpaka katika shule ya sekondari jirani, na huko, ndani ya maabara ya shule hiyo, tukawakuta wanafunzi wake.

Ninaomba msomaji anivumilie hapa, kwani hili ndilo lililostahiki safari yote. Walikuwa wamesimama wawili wawili mbele ya bureti zilizofungwa kwenye vishikio, wakipima nguvu ya tindikali kwa kuidondosha ndani ya besi. Mwalimu wao alikuwa kijana wa mwaka wa tatu wa Mkwawa, anayesomea ualimu wa Kemia, ambaye hulipwa posho kidogo. Alipita nyuma yao akisema, "Polepole. Tone moja. Zungusha chupa. Sasa subiri." Msichana mmoja alidondosha, akazungusha, rangi ya waridi ikatoweka yote mara moja, akaandika namba yake. Kijana aliyekuwa karibu naye alizidisha, na yule mwalimu akamwambia amwage aanze upya, kwa upole, kama jambo la kawaida. Binti wa dada yangu, ambaye katika miaka minne ya sekondari alikuwa hajapata kuishika bureti, alisogea mpaka mezani. Yule msichana akampisha, akasema, "Njoo ujaribu, dada." Akajaribu. Alizidisha, naye akarudia.

Mkuu wa shule alinieleza mapatano yao. Shule jirani huitumia maabara yake Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na siku za likizo humwachia yeye, naye hununua kemikali zake, hulipa mlinzi, na kila kitu kikivunjika hukirudisha. Hakuna fedha nyingine inayopita. Mapatano yameandikwa kwenye ukurasa mmoja na kutiwa saini na wakuu wawili na wenyeviti wa bodi zao. Kwa ukurasa ule mmoja, shule yenye vyumba vinne imeweza kufundisha Fizikia, Kemia na Biolojia, na mji wenye Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, ambamo vijana waliokwisha kufaulu wamejaa, umewapatia wasiofaulu bado walimu wa jioni kwa gharama ndogo. Nilimwuliza kama wote hufika chuo kikuu. Alisema hapana, wapo wanaokwenda kuchukua stashahada kwanza kisha wakapanda, na wapo waliokaribia pointi bila ya kuzifikisha, ambao huwaelekeza kwenye programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chenye vituo vyake Iringa na Mbeya pia. Alizijua njia zote hizo kwa masharti yake, akazitaja moja baada ya moja, na nilimheshimu kwa kuwa hakuniahidi chochote.

Shule ile haikumfaa binti kwa sasa, kwa sababu hana bado C tatu. Tulikubaliana kwamba arudi Mbeya kwa yule mzee wa Mwanjelwa, arudie Hisabati, Kiingereza na Biolojia, na akipata, aje Kihesa asome sayansi, kwani tangu siku ile ya bureti hazungumzii tena Historia. Shemeji yangu aliposikia habari hizi kwa simu aliuliza swali moja tu, la ada ya mwezi, kisha akasema, "Sawa. Nitailipa."

Nina ombi kwa wakuu wa shule za sekondari za serikali na za mashirika ya dini, Mbeya na kwingineko, wenye maabara zinazofungwa kwa kufuli Ijumaa mchana: muandike ukurasa mmoja kama ule wa Kihesa, mkakae na senta iliyo jirani nanyi, iliyosajiliwa, na muwafungulie vijana wale siku ya Jumamosi. Wathibiti ubora wa shule nao, ambao huzikagua sekondari za kawaida, wapande ngazi za fremu angalau mara moja kwa mwaka, wapate kuwatenga walimu na walaghai, kwa kuwa mzazi wa sokoni hana uwezo wa kuwatenga. Na wewe mzazi unayesoma haya na mtoto wako amebaki nje kwa somo moja, fahamu kwamba usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na wa kidato cha sita katikati ya mwaka. Kabla hujatoa shilingi, omba kuiona namba ya kituo inayoanza kwa herufi P. Na baada ya kulipa, usirudi nyumbani mpaka umeoneshwa jina la mwanao kwenye orodha ya waliosajiliwa.